Malalamiko kuhusu cherehani mbili za zamani zilizouzwa kama "zilizokarabatiwa kikamilifu"

Nairobi,
12 Machi 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Bwana/Bi,

MINT: SINGER 221, SINGER 201K NA VIPURI VYAKE, RISITI YA TAREHE 6 FEBRUARI

Sisi ni washonaji wa kwilti, yaani mifarishi ya vipande vilivyoungwa, na baadhi yetu ni wakusanyaji wa cherehani za zamani. Tunaandika kuhusu Singer 221 na Singer 201K zilizonunuliwa katika duka lenu la katikati ya jiji, pamoja na pakiti za sindano na za bobini, yaani vigurudumu vya uzi wa chini. Zote ziliuzwa kwa maneno haya: "imekarabatiwa kikamilifu, tayari kwa kwilti." Hatulalamiki kwamba ni kuukuu. Kuukuu ndiko kulikotufanya tuzinunue. Tunalalamika kwa sababu karibu kila kasoro tunayoieleza hapa haikuletwa na umri. Ililetwa na karakana yenu, na nyingine zingegunduliwa na mtu yeyote aliyesoma kibandiko kabla ya kushika bisibisi.

Tuanze na 221, kwa kuwa hiyo ingeweza kuchoma nyumba.

Nambari iliyo chini ya mashine inaanza na herufi AL. Hiyo ni 221 ya kiwanda cha Elizabeth, New Jersey, ya miaka ya 1950, iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani. Kibandiko cha mota kinasema wazi: volti 110 hadi 120. Umeme wa Kenya ni volti 240. Karakana yenu ilikata plagi bapa ya Kimarekani, ikafunga plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 13, ikabandika karatasi ya "240V". Plagi haibadilishi volti. Ilichofanya ni kuondoa onyo la mwisho lililokuwa limebaki, maana plagi ya Kimarekani isingeingia kwenye soketi yetu na mtu angejiuliza kwa nini. Mashine ilipowashwa, balbu yake ya wati 15 ilipasuka mara moja, mota ikakimbia bila kutii pedali, kisha ukaja moshi. Fyuzi haikukatika, na isingekatika: mota hiyo inahitaji takriban nusu ampia, kwa hiyo waya zingeungua mapema kabla fyuzi ya ampia 13 haijahisi lolote. Hata kwa mashine iliyo ya volti 240 kwelikweli, fyuzi ifaayo ni ya ampia 3.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Mota na balbu kwa pamoja hazifiki wati 100, hivyo transfoma ya kushusha volti ya wati 100 au 150 ingetosha, na transfoma hizo zinapatikana Luthuli Avenue, mwendo wa dakika chache kutoka dukani kwenu. Iwe transfoma halisi yenye koili, nzito mkononi, si kile kifaa chepesi cha wasafiri cha kupashia pasi. Tofauti ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, 60 kule na 50 huku, haina shida kwa mota ya aina hii. Na msije mkaamua sasa kwamba kila 221 ni ya volti 110: za Clydebank, Uskoti, ambazo nambari zake nyingi zina herufi mbili zinazoanza na E, mara nyingi zilitengenezwa kwa volti 200 na zaidi. Soma kibandiko cha mota, kila mara, kwa kila mashine.

Tulipoifungua tulikuta mengine. Mota ya 221 ina vijitundu viwili vya kutilia grisi. Karakana ilitia mafuta ya maji katika kimoja na grisi ya gari katika kingine. Mafuta yameteremka hadi kwenye brashi za kaboni zinazopitisha umeme ndani ya mota, na yakifika hapo huchanganyika na unga wa kaboni, yakafanya tope linalorusha cheche. Grisi ya gari nayo ina kosa la kinyume. Imetengenezwa isiyeyuke kwenye joto kali, ilhali mota hizi zilibuniwa kwa grisi laini inayoyeyuka kidogo kwa uvuguvugu wa mota yenyewe ndipo inyonywe na utambi hadi kwenye shafti. Ukiweka ya gari, inakaa palepale kama nta huku shafti ikizunguka kavu. Mafuta ya cherehani, yale meupe yasiyo na harufu, yana mahali pake: kila tundu na kila sehemu ya chuma inayosuguana na chuma, tone moja au mawili. Kwenye mota hayaingii.

Kisha kuna bobini. Kasha la bobini la 221 lina kidole kidogo cha kulizuia lisizunguke, na kidole hicho lazima kikae ndani ya pengo la bamba la sindano, kikiwa na nafasi ya uzi kupita. Aliyesafisha mashine aliondoa bamba, akalirudisha bila kutazama kidole kimelala wapi, akakaza skrubu. Kwa hiyo kasha lilizunguka pamoja na kulabu inayokamata uzi, likakutana na sindano. Alama za sindano ziko kwenye kasha na kwenye bamba. Alama hizo zina ukwaru unaonasa uzi, na kila anayeshona kwa uzi mwembamba wa pamba anajua usumbufu wake: uzi unakatika kila baada ya inchi kadhaa, mtu anailaumu tensheni, yaani mkazo wa uzi, bure.

Karatasi ya maelekezo mliyoambatisha ni ya cherehani nyingine kabisa, ya kisasa, inayotungwa uzi kutoka mbele kwenda nyuma. Katika 221 upande bapa wa sindano hukaa kushoto na uzi huingia tundu la sindano kutoka kulia. Ukifuata karatasi yenu, kulabu haikamati uzi na hakuna mshono. Mteja asiyejua atarudi kwenu akisema mashine ni mbovu, nanyi mtamtoza ada ya ukaguzi.

Kuhusu "tayari kwa kwilti", maneno hayo yana maana, na inapimika. Kwilti hushonwa kwa upindo, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, wa robo inchi, takriban milimita 6.4. Mguu wa kukandamiza kitambaa ukiwa umepinda au umefungwa upande, upindo unazidi au unapungua. Milimita moja inaonekana si kitu. Lakini kila mshono unakula kitambaa cha pande zote mbili, kwa hiyo ni milimita mbili kwa mshono, na safu ya vipande tisa ina mishono minane: milimita 16 zimepotea, na safu hiyo haitaungana na jirani yake hata uivute namna gani. Jaribio ni la dakika tano. Kata vipande vitatu vyenye upana wa inchi moja na nusu, viunge ubavu kwa ubavu, piga pasi, pima. Vyote pamoja viwe inchi tatu na nusu, na cha katikati kiwe inchi moja kamili. Kwenye 221 hii cha katikati kilikuwa pungufu ya inchi kwa milimita tatu, maana fimbo ya mguu imezungushwa. (Tulizungusha gurudumu la mashine kwa mkono kufanya jaribio hilo, kwa sababu mnazozijua.)

Sasa 201K.

Tangazo lenu linasema ni "cherehani ya mwaka 1851". Mmeisoma beji: pale kwenye mduara wa buluu pameandikwa 1851 hadi 1951, yaani kampuni ya Singer ilikuwa ikiadhimisha miaka mia tangu ianze. Mashine ni ya wakati wa maadhimisho, si ya mwaka kampuni ilipoanzishwa. Mwaka 1851 hapakuwa na 201, wala hapakuwa na kiwanda cha Clydebank ambako mashine zenye K zilitengenezwa. Kwa mshonaji wa kawaida kosa hili ni la kuchekesha. Kwa mkusanyaji, mwaka ni sehemu ya bei, na ninyi mlitoza bei ya mwaka msioujua.

Lililotuuma zaidi ni rangi. Nakshi za dhahabu za mashine hizi zimelala juu ya rangi nyeusi na kufunikwa kwa vanishi ya sheleki. Spiriti huyeyusha sheleki. Fundi wenu alipangusa mwili mzima kwa spiriti, au kwa thina, hatujui ni ipi kati ya hizo mbili; vanishi ikatoka, nakshi za upande wa mkono wa kulia zikatoka nayo, zilizobaki zikageuka rangi ya fedha. Badala ya kusimama hapo, alipuliza rangi nyeusi ya kopo juu ya mwili wote, hata juu ya matundu ya mafuta. Mashine kama hiyo husafishwa kwa mafuta yaleyale ya cherehani na kitambaa laini cha pamba, polepole, siku mbili au tatu ikibidi. Uchafu mgumu ulio ndani, mahali pasipo na nakshi, ndio unaolainishwa kwa mafuta ya taa, halafu lazima ufuatiwe na mafuta ya cherehani, kwa sababu mafuta ya taa huondoa uchafu lakini hayalainishi chuma.

Na kuna mstari mmoja kwenye risiti tunaoomba mtueleze kwa maandishi: "kubadilisha mkanda wa ndani, Sh2,500." 201K haina mkanda wa ndani. Ndani yake ni shafti na gia za chuma kutoka juu hadi kwenye kulabu, na ndiyo sababu inapendwa hivyo. Kama kuna mkanda mliotoa humo ndani, tungependa sana kuuona.

Vipuri tutavipitia haraka. Bobini mlizotoa kwa mashine zote mbili ni za aina ya 15, bapa pande zote. 201K hutumia aina ya 66, ambazo pande zake zimebinuka kidogo. Hata ya 15 ikiingia, tensheni ya chini haitatulia. 221 hutumia bobini ya aina nyingine, nyembamba zaidi, na ya 15 haiingii kabisa. Sindano mlizoweka ni DBx1 za mashine za kiwandani, zenye shina la duara. Mashine hizi mbili zinahitaji sindano zenye shina lenye upande bapa, 15x1 au 130/705H kama inavyoandikwa kwenye pakiti nyingine, namba 80 kwa kuunga vipande na 90 kwa kushona tabaka zote tatu za kwilti. Duka lolote la vifaa vya ushonaji pale Biashara Street linazo.

Haki inatudai tuseme jambo moja kwa upande wenu: 201K inashona vizuri. Tulizibua matundu ya mafuta, tukatia bobini na sindano sahihi, na mshono wake ni safi juu na chini, hata kwenye kitenge tabaka nne. Kwa hiyo hatuirudishi. Tunadai mrejeshe Sh2,500 za mkanda usiokuwepo, na mpunguze bei ya mashine kwa tofauti kati ya 201K yenye nakshi na iliyopulizwa rangi, tofauti ambayo orodha yenu wenyewe ya mwezi Februari inaonyesha kuwa Sh14,000.

Kwa 221 tunadai pesa zote, Sh55,000, pamoja na gharama ya bobini na sindano zisizofaa. Hatukubali ikarabatiwe tena na karakana ileile. Hatukubali pia kuponi ya kununulia bidhaa nyingine. Tunataka zaidi ya hapo muondoe kwenye rafu kila mashine mliyoibadilishia plagi, msome vibandiko vya mota, na muwapigie simu walionunua tangu Januari. Hili la mwisho halingoji majibu ya barua.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupewa maelezo anayohitaji ili azitumie kwa manufaa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inaendeleza hapo. Karatasi ya "240V" si maelezo, ni uongo uliobandikwa. Tunawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo tutapeleka madai kwa Mahakama ya Madai Madogo, na tutaambatisha picha za kibandiko, za plagi na za mota iliyoungua.

Mashine ya 221 iko tayari kuchukuliwa siku yoyote ya kazi kabla ya saa kumi jioni. Atakayekuja aje na risiti ya kupokea mzigo, na asiibebe kama mlivyoileta, ikigongana na pedali ndani ya sanduku moja. Pedali ifungwe peke yake kwa gazeti, pini ya uzi iliyo juu isiguse kifuniko, na mwili ubanwe kwa vitambaa pande zote usicheze. Vitambaa tutatoa sisi, tunavyo vingi.

Wenu waaminifu,

Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina,
kwa niaba ya washonaji

Viambatisho: nakala ya risiti, picha kumi na moja, vipande vitatu vya jaribio, vikiwa vimeungwa