Kompyuta za forodha bado haziongei lugha moja

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani, nimeanza enzi za makaratasi, na kila mara tunaambiwa sasa mambo yote ni ya kidijitali, sawa, lakini udijitali gani huu ambapo invoisi inatoka kwenye kompyuta ya muuzaji, inaprintiwa, inaskaniwa, inatumwa kama picha, halafu mimi nakaa naichapa upya mstari kwa mstari kwenye sistimu ya forodha, na wakala wa meli naye keshachapa kivyake, na wakaguzi wa ubora nao wanataka ya kwao?

Makosa yanaingilia hapohapo. Tarehe tu, 03/04, mmoja anasoma Aprili mwingine Machi. Kuna mzigo ulinikwama siku kadhaa kisa manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, ilikuwa na uzito pamoja na vifungashio, mimi nikajaza uzito wa bidhaa tupu, hakuna aliyedanganya jamani, ila mwenye mali ndo akalipia kontena kulala.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ipo. Kwenye tarehe, kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kilishamaliza ugomvi, mwaka kwanza, mwezi, siku. Namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, na ile ya mwisho kazi yake ni kuhakiki zilizotangulia, ukikosea kuchapa sistimu inakushtua palepale. Na Shirika la Forodha Duniani (WCO) lina modeli yake ya data ambayo kila kipengele kina jina, maana na fomati yake, kwahiyo uzito jumla ni uzito jumla popote pale. Mbona kwenye kuziita bidhaa tuliweza? Zile tarakimu 6 za HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, zinatumika tangu 1988 na dunia karibu yote inazifuata.

Wapo wanaosema kila nchi ina sheria zake, haiwezi kufuata modeli ya wengine. Mi sikubaliani, modeli hailazimishi kujaza kila kitu, unachukua vipengele unavyohitaji, unachokatazwa ni kubadilisha maana yake. Ubishi mwingi naona ni kila taasisi kung'ang'ania fomu yake.

Halafu mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) wa kurahisisha biashara, ulioanza kazi Februari 2017, unazungumzia dirisha moja, yaani sehemu moja ya kuwasilisha nyaraka zote, na unasema nyaraka zikishapokelewa hapo taasisi zinazoshiriki zisiziombe tena, labda kuwe na dharura au sababu chache maalum. Sasa dirisha ambalo ukishaingia unakuta paswedi tano na fomu tano, hilo ni moja kweli?

Ombi langu kwa wanaonunua sistimu mpya, hiyo modeli ya WCO iandikwe kwenye tenda kabisa kama sharti, vipengele vyote viwekwe wazi ili mwenye programu yake aweze kuunganisha, na sisi mawakala mtuite kwenye majaribio, msisubiri siku ya uzinduzi.

Wakala wa forodha