Barua kwa binti yangu kabla hajanunua shotigani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umeamua kununua shotigani, ukae nayo nyumbani kwa ulinzi na uende nayo uwanjani kulenga shabaha, na unataka nikutajie aina moja tu uende dukani ukaichukue. Nitakutajia, ila nivumilie kidogo. Mimi bunduki yangu ya kwanza nilitajiwa hivyohivyo, nikaenda nikaichukua, na nilihangaika karibu miaka miwili kuacha tabia mbaya iliyonizoesha.

Ilikuwa geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu), chuma kizuri, lakini kitako chake kilichongwa kwa mtu aliyenizidi kichwa kizima. Ili kidole kifike kwenye kifyatulio nilibidi ninyooshe shingo na kukiegemeza kitako pembeni kabisa mwa bega, kwenye msuli wa mkono. Kila nikifyatua kinanigonga shavuni. Nilirudi nyumbani na vilio vya damu mkononi nikajiambia ndivyo shotigani zilivyo, nivumilie. Siku moja mwalimu wa pale uwanjani akaniomba nigeuke nyuma, akaijaza bunduki yangu risasi tatu, moja kati ya hizo ikiwa ya mazoezi, haina baruti wala marisau. Sikujua ni ipi. Ya kwanza ikalia. Ya pili nilipovuta kifyatulio ikasema “ka” tu, na mbele ya macho yangu mdomo wa mtutu ukainama kama ng’ombe anayekunywa maji. Mikono yangu ilikuwa inaisukuma bunduki chini kabla haijalia, kwa kuogopa teke. Miezi yote ile nilidhani nina macho mabovu.

Kwa hiyo anza na mwili wako. Hakikisha kwanza bunduki haina risasi, wewe mwenyewe uangalie chemba (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa tayari kulia) na magazini (bomba linaloweka risasi zinazosubiri) kwa macho na kwa kidole, halafu ukunje mkono unaofyatulia uwe kama herufi L, uweke kitako kwenye kiwiko kwa ndani. Kidole cha shahada kikifika kwenye kifyatulio bila kujinyoosha, umekaribia. Kipimo hicho, kutoka kwenye kifyatulio hadi mwisho wa kitako, kwa bunduki nyingi za dukani ni kama sentimita 36. Wewe una mikono mifupi kama yangu, utahitaji pungufu ya hapo, na zipo zinazotengenezwa hivyo tangu kiwandani. Kisha ifikishe begani ukiwa umefumba macho, shavu likae juu ya kitako, ufumbue. Ukiona shanga ya mbele, ile ya kulengea kwenye ncha ya mtutu, iko pale unapotazama, hiyo inakufaa. Ukiona inabidi uitafute, rudisha.

Na wewe unatumia mkono wa kushoto, jambo ambalo muuzaji hatalifikiria usipomwambia. Unganisha viganja viwili uache tundu dogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linalotawala. Likiwa la kushoto, sawa, beba kushoto. Likiwa la kulia, niandikie kabla hujanunua chochote, maana hapo itabidi tuzungumze upya.

Kuhusu geji, namba hizi zinatokana na hesabu ya zamani. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe matufe 12 yaliyo sawa. Tufe moja linaenea mtutu wa geji 12. Ukigawa 20, matufe ni madogo, na mtutu ni mwembamba. Ndiyo maana namba ikipanda tundu linapungua: geji 12 ni kama milimita 18.5, geji 20 ni kama 15.6. Geji 12 ina risasi za kila namna na ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Geji 20 hubeba marisau machache zaidi na kwa kawaida teke lake ni dogo. Nasema kwa kawaida kwa sababu bunduki ya geji 20 iliyo nyepesi sana hupiga vibaya kuliko ya geji 12 yenye kilo tatu na nusu. Uzito wa bunduki ndio unaomeza teke. Usishawishike na ile utakayoiinua dukani kwa mkono mmoja ukaifurahia.

Mimi ningekuchagulia geji 20, kwa sharti moja ambalo nakuomba ulishike kama nilivyokushika mkono barabarani ulipokuwa mdogo. Katika nyumba yako, mkoba wako na mfuko wa koti lako pasiwe na risasi za geji mbili kwa pamoja. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 inateleza mbele ya chemba na kukwama humo, isionekane. Mtu anadhani hajajaza, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono unaoushikilia. Ndiyo sababu viwanda hutengeneza risasi za geji 20 zikiwa na ganda la manjano. Niliwahi kumwona mtu uwanjani akichota mfukoni risasi nyekundu na katikati yake moja ya manjano. Mwalimu alimsimamisha hapohapo, mstari mzima ukanyamaza, na yule bwana akakaa chini kwenye nyasi kwa muda mrefu. Angalia pia urefu wa risasi, uliochorwa ubavuni mwa mtutu: chemba ya milimita 70 haiingizwi risasi ya milimita 76 hata kama inaonekana inatosha, maana ganda hurefuka likifunguka.

Sasa aina. Ya mitutu miwili inayokunjuka katikati ni nzuri sana uwanjani kwa visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ikiwa wazi kila mtu anaona kwa mbali kuwa ni tupu. Inayojikoki yenyewe hupunguza teke, lakini kuna zinazokataa risasi nyepesi na nyingi zinadai usafi wa mara kwa mara. Ya pampu unaikoki kwa mkono wa mbele: vuta hadi mwisho, sukuma hadi mwisho. Ukivuta nusu kwa haraka au woga, ganda halitoki vizuri au risasi mpya haiingii, na bunduki inakwama. Tatizo hilo dawa yake ni mazoezi.

Ninachokupendekezea ni ya pampu, yenye mitutu miwili ya kubadilisha. Remington 870 na Mossberg 500 zote mbili zimekuwa sokoni kwa zaidi ya nusu karne, vipuri vyake si shida, na mtutu unatoka kwa kufungua kifungo kimoja cha mbele. Mtutu wa sentimita 47 hivi unakaa nyumbani, wa sentimita 71 unakwenda nao uwanjani, kwa kuwa mrefu hutembea laini ukifuata kisahani kinachoruka. Kwa mkono wako wa kushoto naegemea Mossberg: kitufe chake cha usalama kiko juu, mgongoni mwa bunduki, kidole gumba cha mkono wowote kinakifikia. Ile nyingine kitufe kiko nyuma ya kifyatulio na kimewekwa kwa wanaotumia kulia. Maganda yatakuwa yanatokea upande wa kulia na kupita mbele ya uso wako, kwa hiyo miwani ya kinga ni lazima. Ipo Ithaca 37 inayotoa maganda kwa chini, ukikutana nayo iliyotunzwa na kitako kinakutosha, isikie begani pia. Na yoyote ile, mtutu wa pili uwe wa aina hiyohiyo ya bunduki na geji hiyohiyo. Kibali, mafunzo na urefu wa mtutu unaoruhusiwa na sheria ya unapoishi, hayo uyamalize kabla ya kulipa.

Hapa kwenye ulinzi wa nyumba ndipo napoteza usingizi. Watu watakuambia shotigani haihitaji kulenga, kwamba marisau yanatapakaa chumba kizima. Si kweli. Kwa umbali wa sebuleni, mita nne au tano, fungu la marisau huwa na upana wa ngumi hivi. Unaweza kukosa kabisa. Na marisau makubwa yanayomzuia mtu yanapenya pia mbao za jasi zinazogawa vyumba, ukuta mmoja, wa pili, na zaidi. Kwa hiyo kabla bunduki haijaingia ndani, tembea nyumba nzima mchana, mikono mitupu, usimame utakaposimama usiku, ujiulize nyuma ya kila ukuta analala nani. Utakuta pande ambazo hutafyatua kamwe, iwe iwavyo. Zijue kwa moyo. Mpango uwe kujifungia chumbani, kupiga simu polisi, na kubaki humo, bunduki ikielekea mlangoni. Usitoke kwenda kumtafuta mtu gizani. Na usitegemee kwamba sauti ya kukoki itamfukuza. Inaweza, na inaweza pia kumwonyesha ulipo.

Nikuambie jambo ambalo sijawahi kukuambia. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Usiku nilisikia kabati la jikoni, mlango, kisha hatua. Bunduki ilikuwa tayari mikononi mwangu, chemba tupu, kama nilivyofundishwa. Nikasimama mlangoni kwangu nikaita kwa sauti, “Nani?” Ukajibu, “Mama, ni mimi, nina kiu.” Niliirudisha sefuni na mikono ikitetemeka, nikaja kukumiminia maji, ukashangaa kwa nini nimekukumbatia. Tochi na sauti yako ndizo za kwanza. Taa ionyeshe uso, mdomo uulize, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umejua ni nani na nyuma yake kuna nini.

Ndiyo maana chemba ibaki tupu ikiwa imehifadhiwa. Kitufe cha usalama katika shotigani nyingi huzuia kifyatulio tu. Bunduki ikianguka vibaya na risasi iko chembani, inaweza kulia. Nunua sefu ndogo ya kufungua kwa namba, ifungie ukutani, kabla ya bunduki yenyewe. Watoto wa dada yako wanakuja kwako kila likizo, na watoto wanajua kila mahali mtu mzima anapodhani ameficha kitu.

Uwanjani utafurahia, najua. Mlio wa shotigani unapita desibeli 150, basi vaa vizibo ndani ya masikio na vifunika masikio juu yake. Anza na risasi nyepesi za gramu 24 au pungufu, chache, ishirini na tano zinatosha kwa siku, uache kabla bega halijachoka. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, kwa ajili ya vumbi la madini ya risasi. Mwombe mtu akuchanganyie ile ya mazoezi katika magazini, uone kama mtutu unainama.

Kabla ya yote, chukua utepe wa kupimia. Kunja mkono wa kushoto, pima kutoka ndani ya kiwiko hadi kwenye pingili ya kwanza ya kidole cha shahada, uniandikie sentimita. Nitakuja na ya kwangu ya geji 20, uifikishe begani kwanza, dukani tutakwenda baadaye.

Mama yako