Waandike jibu kwanza, ndipo wajadiliane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu walimu wenzangu wanaosema kwamba mijadala darasani ni kupoteza vipindi. Kwa jambo moja nakubaliana nao: kuwaambia wanafunzi "jadilianeni" na kuwaacha hapo hakufundishi kitu. Mmoja mwepesi hutaja jibu, wengine hunakili, kengele inalia.

Kinachokosekana ni utaratibu. Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwaka 1991 kufundisha kwa njia ambayo mwalimu yeyote anaimudu. Anauliza swali moja fupi la kupima uelewa, lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi anaamua peke yake, kimya. Majibu yakitofautiana, anawataka wageukiane na kila mmoja ajaribu kumshawishi mwenzake kwa hoja. Kisha wanachagua tena, na hapo ndipo mwalimu anafafanua. Wala havihitajiki vifaa vya gharama. Karatasi zilizoandikwa A, B, C na D zinatosha, hata darasa likifurika.

Ile hatua ya kimya ndiyo wengi wetu tunairuka, nayo ndiyo yenye uzito. Mwanafunzi aliyekwisha kuandika jibu lake ana msimamo wa kutetea, hata kama ni mwoga wa kunyoosha mkono. Na mwenzake aliyeelewa dakika chache zilizopita bado anakumbuka alipokwama. Sisi walimu tulikwisha kusahau zamani ugumu ulikuwa wapi.

Najua swali linalofuata: asiyejua atamfundisha nini asiyejua mwenzake? Mwaka 2009 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa katika madarasa ya jenetiki, Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Baada ya mjadala, wanafunzi walipewa swali jingine la dhana ileile walijibu kila mtu peke yake. Walifanya vizuri zaidi, hata katika makundi ambayo huenda hakuna aliyekuwa na jibu sahihi mwanzoni. Kubishana kwa hoja kuliwafikisha.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule na wakaguzi: mkipita nje ya darasa mkasikia sauti nyingi, ingieni msikilize wanabishania nini kabla ya kuandika kwamba darasa limemshinda mwalimu.

Mwalimu wa sayansi, shule ya sekondari