Ligi kuu nayo ije Malindi

Mhariri,

Mimi nauza viazi karai na kachiri kando ya uwanja wetu hapa Malindi, mwaka wa 11 huu. Jumamosi moja saa mbili asubuhi, namenya viazi, binti yangu akanipigia simu ya video. Yeye anasomea uuguzi Launceston, mji wa Tasmania, kile kisiwa kilicho kusini mwa Australia. Kwao ilikuwa alasiri, naye yuko uwanjani.

Mpira wao, wa miguu wa Kiaustralia, una umbo la yai na kuushika si kosa. Kila upande una wachezaji 18, na milingoti ni minne kila mwisho: ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu, alama 6. Mimi lakini macho yangu yalikuwa kwa watu. Wazee wamejifunika mablanketi, watoto mabegani, na foleni ndefu kwa wauza vyakula!

Launceston haifikishi watu laki moja. Sisi Malindi mjini, kwa sensa ya 2019, tumeshaipita laki. Na uwanja wao wa York Park, mwezi Juni 2006, uliingiza watu 20,971. Timu ya Hawthorn inatoka Melbourne, ng'ambo ya bahari, kwenye uwanja wa watu laki moja, na bado tangu 2001 imekuwa ikivuka kwenda kucheza mechi za ligi kuu ya Australia pale. Haikwenda kwa hisani. Serikali ya Tasmania iliilipa klabu, na jina la Tasmania likaandikwa kwenye jezi. Mwaka 2023 kisiwa kikapewa leseni ya timu yake chenyewe.

Sisi vijana wetu wakitaka kuiona Bandari, klabu ya ligi kuu, ni kupanda matatu hadi Mombasa, kilomita kama 120. CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ya Agosti 2025 ilikuja Kenya ikaishia Nairobi.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti viwanja vya michezo. Basi kaunti yetu ikae na klabu moja ya ligi kuu, iandikiane nayo mechi mbili tu kwa msimu.

Mwaka jana, siku ya fainali ya mitaa, wachezaji wageni walikosa pa kubadilishia nguo. Wakaja nyuma ya kibanda changu, nikawatandazia leso zangu mbili wapate stara. Vijana wa watu, na mama zao wangewaona! Siku hiyo hiyo ndoo mbili za viazi ziliisha kabla ya saa kumi, na siku za kawaida nusu ndoo hurudi nayo nyumbani. Akina mama waliokuja kutazama walikuwa wakiomba choo nyumba za jirani.

Ukuta, vyumba viwili na choo cha wanawake. Naomba viingie kwenye bajeti ya mwaka huu, na mazungumzo na klabu yaanze sasa, yasingoje uwanja mkubwa.

Mama Viazi,
Shela, Malindi