Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Fomu za Mkopo na Siri za Nyumbani

Ndugu wanachama, wazazi na walezi wenzangu, Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za majumbani?

Nashukuru mmekuja, ingawa jua la Tanga leo si la kumtoa mtu kivulini. Ya kawaida nitayapita haraka. Vikao vimefanyika kama katiba yetu inavyotaka, michango inasuasua kama miaka yote, na hesabu atazisoma Mhazini baada yangu, kwa hiyo maswali ya pesa mwekeeni yeye. Mimi nataka tukae kwenye jambo lililotula muda kuliko yote: taarifa za familia kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu.

Tangu Bodi ya Mikopo ianze kazi mwaka 2005, mtoto wa mvuvi wa Sahare ana mlango wa kubisha. Lakini mlango ule una maswali. Cheti cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Kama kaya iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, namba yake itajwe. Mwenye ulemavu athibitishwe na mganga. Kisha mdhamini na namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, saini na muhuri wa serikali ya mtaa, na saini ya wakili au hakimu. Vyote vinaingizwa mtandaoni kwenye mfumo wa OLAMS, na ada ya maombi ni shilingi 30,000 ambayo hairudi, upate usipate. Dirisha lenyewe hufunguliwa katikati ya mwaka, kusi inavuma, ngalawa zimelala mchangani. Aliyepanga kalenda ile hakuwa na jirani mvuvi.

Hata hivyo, pesa tulichangishana ikapatikana. Kilichotushinda zaidi ni aibu. Sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiri, na fomu haijui sitara. Mama mmoja wa Makorora yumo TASAF siku nyingi, lakini alitutaka nafasi ile tuiache wazi, binti yake asije akachekwa na wenzake chuoni. Tukamweleza kwamba wenzake hawaioni fomu, na kwamba namba ile ina uzito kuliko maelezo mengine yote atakayoandika. Alikubali kwenye kikombe cha pili cha chai, na akanikanya nisimtaje. Sijamtaja.

Wapo waliokwenda upande wa pili. Baba kaondoka miaka mingi, hajatuma hata salamu, sasa mama anataka aandikwe marehemu. Namwelewa, maana kwa matunzo kweli alishakufa. Lakini ukimwandika marehemu utadaiwa cheti cha kifo, na RITA hawawezi kuhakiki kifo ambacho hakijatokea. Baba mmoja tulimkuta ameshauawa kwenye fomu na kijana wa steshenari aliyekuwa akiijaza kwa haraka. Ijumaa ile ile nikamwona pale Ngamiani anavuka barabara na kikapu cha dagaa, mzima wa afya. Tulicheka sana. Kisha tukakaa hadi usiku kuirekebisha ile fomu, kwa sababu taarifa ya uongo ni kosa, na anayeitia saini ni mtoto wetu, si sisi tuliomshauri. Msimamo wa kamati ni mmoja: aliye hai aandikwe yu hai, hata kama jina lake likitajwa mnasonya.

Majina nayo yametutesa. Mwanahamisi wa cheti cha kuzaliwa amekuwa Mwanahamis kwenye cheti cha kidato cha nne, na jina la babu limeingia mahali pa baba. Kwenu ni mtu yule yule, kwenye mfumo ni watu wawili. Wenye watoto sekondari, msingoje kidato cha sita. Kagueni majina kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne, maana namba ya mtihani ule ndiyo atakayoombea mkopo.

Waliopata wamepata, waliokosa tumewasaidia kukata rufaa, na rufaa si dhamana. Niseme wazi pia, maana maneno yamenifikia: chama hakina mtu ndani ya Bodi. Na mkopo ni deni. Mtoto akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, ambayo bado mnatishana nayo vibarazani, ilifutwa mwaka 2021.

Sasa nifike kwenye kosa letu, na la kwangu ni kubwa kuliko la wengine. Mjumbe mmoja wa kamati alinunua karanga jioni, akafungua ile karatasi, akakuta ni nakala ya cheti cha kifo cha mume wa mwanachama mwenzetu. Namba, tarehe, sababu ya kifo, vyote vinang'aa kwa mafuta. Ilitoka kwenye rundo la nakala zilizoharibika dukani tulikotolea kopi, duka ambalo mimi ndiye niliyelipendekeza kwa sababu ni rahisi. Nilikwenda kwa mjane yule mwenyewe kumwomba radhi. Alinisikiliza, akanikaribisha maji, hakusema neno. Ningependa angenigombeza.

Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na nakiri niliisoma baada ya zile karanga. Tangu mwezi ule, kila mzazi anasimama mwenyewe kwenye mashine na kuondoka na nakala zote, nzuri na mbovu. Hakuna tena kutuma picha ya cheti wala namba ya NIDA kwenye kundi la WhatsApp, na atakayetuma Katibu ataifuta bila kumwuliza. Kamati inasaidia kujaza, haibaki na kitu.

Ila kuna mabaki ya nyuma. Kabati la Katibu lilikuwa na bahasha za misimu iliyopita, nimezileta zote, ziko mezani karibu na mlango, majina yameandikwa juu. Kila mtu achukue yake, asichukuliane, hata mume na mke. Zitakazobaki hadi swala ya alasiri tutazichoma nyuma ya jengo, na anayetaka kushuhudia abaki. Mhazini, karibu.