Maktaba haijakimbiwa, imefungwa kwa nje

Ndugu Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu maktaba tupu za vyuo vikuu imehitimisha kwamba wanafunzi wa leo hawasomi. Miaka yote ya ukutubi wangu sijawahi kuandika gazetini, ila hili siwezi kulinyamazia. Mlihesabu viti, mkaondoka. Hamkuuliza mwanafunzi anayetaka kusoma saa nne usiku, kwenye chumba cha kupanga, anakutana na nini.

Anakutana na bei. Wiki iliyopita mmoja alileta simu yake kaunta: makala aliyoagizwa na mhadhiri, na chini yake kitufe kinachodai zaidi ya dola 30. Jarida lenyewe chuo kimeshalilipia. Tatizo ni kwamba mchapishaji hamjui mwanafunzi, anaijua anwani ya IP ya chuo, yaani namba inayoutambulisha mtandao wa chuo kwenye intaneti. Ukiwa kwenye mtandao wa chuo unapita bila kuulizwa. Ukitumia bando lako, anwani ni ya kampuni ya simu, na unadaiwa. Dawa ni proksi: mwanafunzi anaingia kwa namba ya usajili na nywila, seva ya chuo inamchukulia makala kwa anwani ya chuo. Vyuo vingi duniani vinaitumia tangu zamani.

Kwetu proksi ipo na bado inakwama, na sababu zake zinajulikana. Orodha ya watumiaji haikuunganishwa na mfumo wa usajili, kwa hiyo mwaka wa kwanza wanamaliza muhula bila akaunti huku waliohitimu wakiendelea kuingia. TEHAMA wanabadilisha mtoa huduma wa intaneti, anwani za chuo zinabadilika, maktaba haiambiwi. Wachapishaji wamebaki na anwani za zamani, na majarida yanafungwa siku moja hata kwa aliyekaa ndani ya maktaba. Cheti cha usalama cha seva kinaisha muda Ijumaa jioni, simu zinaonya kwamba tovuti si salama, na hadi Jumatatu hakuna anayeshughulika. Tena chuo kizima kinatoka nje kwa anwani chache tu. Mwanafunzi mmoja akipitia proksi na kuachia programu ipakue makala mia kadhaa kwa mkupuo, mchapishaji anaifungia anwani hiyo na wote wanaoitumia wanaadhibiwa pamoja naye. Rekodi za proksi zingemtaja mhusika kwa dakika chache, lakini rekodi ziko TEHAMA na malalamiko ya mchapishaji yamekuja maktaba, na ofisi hizi mbili zinaandikiana dokezo kupitia masjala! Dokezo linarudi baada ya wiki mbili, mitihani imeanza.

Na hizi CD. Tasnifu bado inadaiwa nakala ya jalada gumu pamoja na CD, wakati laptopu mpya nyingi hazina hata pa kuitumbukiza. Mwanafunzi analipa stesheneri wamchomee, CD inakwaruzika kabatini, na baada ya miaka michache haisomeki. DSpace, programu ya kuhifadhi tasnifu na kazi nyingine za chuo mtandaoni, haina ada ya leseni; faili lingepakiwa humo siku ya kukabidhi, likasomwa hata na aliye Kigoma.

Naomba vyuo vifanye haya. Mtaalamu mmoja wa mtandao awe na meza maktaba kila Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane mchana, akiwa na ruhusa ya kufungua rekodi za proksi. Anwani ya IP isibadilishwe bila saini ya mkutubi, siku 14 kabla, ili wachapishaji waandikiwe mapema. Akaunti ya mwanafunzi ifunguke yenyewe siku usajili wake unapothibitishwa, na ifungwe akihitimu. Cheti cha seva kiwekwe kijihuishe chenyewe. Kazi hiyo si kubwa.

Nanyi mkija tena kupiga picha viti, ombeni pia rekodi za proksi za saa nne usiku, mhesabu walioomba makala na waliorudishwa.

Mkutubi,
Dar es Salaam