Kabla hujafika huku kwenye baridi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Wafikishie baba na mama shikamoo zangu, uwaambie mimi mzima. Nimefurahi mno kusikia viza yako imetoka. Kwa kuwa utafika katikati ya majira ya baridi, nakuomba barua hii uisome kwa makini.

Utabiri wa hali ya hewa huku hutaja namba mbili: nyuzi za hewa yenyewe, na baridi mwili unavyoihisi upepo ukivuma. Wewe ishike ile ya pili. Mwili hupasha joto hewa iliyogusana na ngozi, na hewa ikitulia joto hilo hubaki hapo likikukinga. Upepo huipeperusha, mwili ukaanza kupasha upya, na haumalizi. Hewa ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, uso ulio wazi hupoa kana kwamba ni nyuzi 33 chini ya sifuri. Hapo ngozi inaweza kuganda kwa dakika 10 hadi 30. Ikifika 40, hata dakika 5 hadi 10 zinatosha.

Pua, masikio, mashavu na vidole ndivyo hutangulia. Huchoma kwanza, kisha maumivu hukata. Hapo ndipo uogope, mdogo wangu! Wengi hudhani wameshaizoea baridi, kumbe pameshakufa ganzi. Utaambiwa uangalie wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia kama pamepauka na kuwa kijivu, kisha papapase: pakiwa pagumu kama nta, ingia ndani upesi.

Usipasugue, wala usiote moto, maana penye ganzi huungua bila wewe kujua. Tumbukiza vidole kwenye maji ya uvuguvugu, nyuzi 37 hadi 39. Damu ikirudi vitauma sana. Ila kama bado utapita tena kwenye baridi ileile, usiviyeyushe kwanza. Kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Ukiona malengelenge au ganzi haiishi, nenda hospitali.

Nimeshakununulia glavu zinazoweka vidole vinne pamoja, kwa sababu hupashana joto. Soksi usirundike mpaka viatu vibane, damu haitapita. Koti lako nitakuja nalo uwanja wa ndege, kwa hiyo usitoke nje kabla hatujaonana.

Kaka yako akupendaye